Kreatinini iko muzuri: na mafigo je?

Mwenye ugonjwa wa sukari anatoka ku lopitali na karatasi mkononi. Wameandika "kreatinini", na pembeni "normali". Bibi anafurahi, watoto wanafurahi, yeye anarudi ekipi ya usiku. Tangu Kipushi mpaka Kolwezi, karatasi ya namna hiyo iko ndani ya nyumba nyingi. Tunataka kuisoma pamoja nanyi, maana haisemi yote ambayo watu wanafikiri inasema.

Kreatinini ni takataka ya misuli. Damu inaibeba, mafigo yanaitupa katika mukojo. Mafigo yakichoka, inabaki katika damu, hesabu inapanda. Lakini inapanda kwa kuchelewa. Kila figo lina vichujio karibu milioni moja, na vile vingali vizima vinafanya kazi ya vile vilivyokufa. Mutu anaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu ya mafigo na kreatinini ikabaki "normali". Hakuna maumivu, hakuna homa. Miguu ikianza kuvimba, mara nyingi sukari imekwisha kula sehemu kubwa.

Kwa muchimbaji kuna neno lingine. Kijana wa misuli anayebeba magunia anaweza kuwa na kreatinini ya juu bila ugonjwa wowote. Muzee wa pansio aliyekonda anaweza kuwa na ya chini, kumbe mafigo ni magonjwa. Na mwenye kutoka jasho shimoni kutwa bila kunywa mayi, hesabu yake inaweza kupanda kwa siku chache, kisha kushuka. Njo maana munganga muzuri hasomaki ile hesabu peke yake. Anaingiza umri, na kama ni mwanaume ao mwanamke, anapata kiasi cha kuchuja kwa dakika. Kikibaki chini ya 60 kwa miezi 3, ni ugonjwa wa figo.

Hata hesabu hiyo ilikuwa na kasoro. Ile iliyotoka Marekani mwaka 2009 ilikuwa inaongeza karibu 16 kwa 100 kwa mutu mweusi, eti ana misuli zaidi. Waganga wa Kinshasa na Abidjan walipima uchujaji wa mafigo wenyewe, bila kubahatisha, na matokeo yao ya 2019 yalionyesha kwamba nyongeza hiyo haifai kwa watu wa kwetu. Mwaka 2021 Wamarekani nao wakaiondoa. Muulize laboratware kama wao wangali na ya zamani: inapamba mafigo kuliko vile yako.

Kuna alama zingine za damu. Sistatini C inatoka karibu katika seli zote za mwili, kwa hiyo misuli haiidanganyi sana. Kule Boston, mwaka 2012, watafiti walionyesha kwamba protini fulani za damu zenye kuhusu uvimbe wa ndani zinaweza kutambulisha mapema mwenye sukari ambaye mafigo yake yataelekea kufa. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu kipimo chenye kuunganisha protini za namna hiyo. Ni vipimo vya bei kali.

Kwetu, silaha ya karibu ni mukojo. Figo likianza kuharibika kwa sukari, mara nyingi linaachilia protini inayoitwa albumini, hata wakati kreatinini ingali nzuri. Ikifika miligramu 30 kwa gramu moja ya kreatinini ya mukojo, ni onyo. Kijiti cha rangi cha kawaida kinaweza kukosa kiasi kidogo cha namna hiyo. Ombeni kipimo cha albumini chenyewe. Mwenye sukari ya watu wazima aanze siku ileile ugonjwa unapojulikana, kisha kila mwaka. Na sikieni hili: kazi nzito inapandishaka albumini. Pelekeni mukojo wa asubuhi, kisha siku ya kupumzika, si wakati mutu anatoka shimoni. Ikiwa juu, wapime tena kabla ya kusema ni ugonjwa.

Ikionekana mapema, kuna dawa: enalaprili ao losartani, pamoja na kushusha tansio na sukari. Mama mwenye mimba asizimeze. Na vidonge vya mugongo ambavyo wachimbaji wananunuaka barabarani, diklofenaki na ibuprofeni, vinaumiza mafigo hayohayo, zaidi sana mutu akikauka mayi. Munganga akiandika losartani, mumwambie wazi kama muko munameza vile.