Somo la Redio: Kupiga Picha ya Ndege Inayozima Moto

Kila darasa liwe na ubao na chaki, maana leo mna hesabu kidogo.

Darasa moja la wavuvi huko Igombe limetuletea barua. Wameona picha ya ndege ikimwaga maji juu ya msitu unaowaka. Wanauliza: maji yale yalitoka wapi? Na mpiga picha alisimama wapi hata asiungue? Swali la pili limenipendeza sana. Watu wengi hutazama picha wasimfikirie aliyeipiga.

Tuanze na maji. Ziko ndege zenye tumbo kama la mashua. Ya kwanza ya jamaa moja mashuhuri ilitengenezwa Kanada, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1967. Ufaransa inazo, na hapa Afrika Moroko inazo. Mmemwona tai mla samaki, yule mwenye kichwa cheupe? Hatui ziwani. Hushuka, hunyakua, huyo amekwenda zake. Ndege hii nayo hupita mbio juu ya uso wa maji, na matundu yaliyo chini ya tumbo huchota. Ile iitwayo CL-415 huchota lita 6,000 na zaidi kwa sekunde 12 hivi. Haya, andikeni: debe moja ni lita 20. Lita 6,000 ni madebe mangapi? Ni madebe 300. Akina mama wanajua uzito wa debe moja kichwani. Basi hayo 300 huanguka kwa mara moja.

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka juu katika Mlima Kilimanjaro, mahali gari la zimamoto lisipoweza kufika. Mamia ya watu walipanda kwa miguu, na wengi waliupiga moto kwa matawi ya miti. Hapo ndipo mtu anapoelewa faida ya ndege kama hizi.

Sasa mpiga picha. Hasimami chini ya njia ya ndege. Tani sita za maji huvunja matawi, nazo zaweza kumwua mtu. Wala hasimami upande moshi unakoelekea. Husimama kando, mbali, upepo ukimpiga mgongoni na njia ya kukimbilia ikiwa wazi, kisha hutumia lenzi ndefu inayovuta vitu karibu.

Maji ni meupe na moshi ni mweupe. Ukivichanganya, huoni kitu. Kwa hiyo hutafuta mlima mweusi au miti iwe nyuma ya maji. Tena huacha nyumba au mti mmoja uonekane pichani, tujue ukubwa wa ndege. Picha ya ndege peke yake angani, mimi naiona kama ya mdoli.

Ndani ya kamera mna kitu kama pazia, hufunguka na kufunga upesi. Likifunguka kwa sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, mapanga yanayozunguka mabawani huonekana yamesimama, kana kwamba injini imezimika. Likifunguka kwa sehemu moja ya 250, mapanga huonekana yakizunguka, lakini mkono ukitikisika picha yote huharibika. Dawa yake ni kugeuka kiunoni pamoja na ndege, taratibu, na kuendelea kugeuka hata baada ya kubonyeza.

Liko jambo moja wavuvi mlisikilize sana. Rubani anataka maji matupu mbele yake. Mashua moja ya mpiga picha ikikaa katikati, ndege yaweza kulazimika kupaa tumbo tupu, na huko mlimani moto unakula. Hata vile vijindege vidogo vya kamera visivyo na rubani, mtu akivirusha karibu na moto, marubani huamriwa kuondoka wasije wakagongana navyo.

Kazi ya wiki hii. Wenye simu zenye kamera, nendeni ufukweni asubuhi, jua likiwa mgongoni, karibu na Jiwe la Bismarck. Mnandi hupita pale chini chini juu ya maji. Mpigeni picha akiruka, na mwamba au mtumbwi uonekane nyuma yake. Kisha kila mtu aandike sentensi tano: nilisimama wapi, upepo ulitoka wapi, na kwa nini ndege wangu ametoka bila kichwa.