Miche ya migomba ya chupa: tuulize nini kabla ya kununua?

Hapa Makandana, kama Rungwe yote, mgomba haupandwi kwa mbegu. Ndizi tunazokula hazina mbegu, kwa hiyo shamba jipya huanzia kwenye chipukizi lililong'olewa shamba la zamani, mara nyingi kwa jirani, tena bure. Ni desturi nzuri. Shida ni kwamba chipukizi haliji peke yake. Linaweza kubeba fukusi kwenye tunguu, minyoo midogo kwenye mizizi, hata ukungu wa ugonjwa wa Panama. Mnyauko wa bakteria ulioonekana Uganda mwaka 2001 uligunduliwa Kagera mwaka 2006, na machipukizi yenye ugonjwa ni mojawapo ya njia zake za kusafiri.

Ndiyo sababu watafiti wetu, wakiwemo wa TARI na Chuo Kikuu cha Sokoine, huzalisha miche kwa njia ya chupa. Chipukizi humenywa tabaka kwa tabaka mpaka kibaki kiini cha ukuaji, kipande kidogo kuliko kidole gumba. Huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha huwekwa ndani ya chupa safi yenye chakula kilichoganda: sukari, madini, vitamini na homoni. Homoni moja hukifanya kitoe vichipukizi vingi, ambavyo hutenganishwa na kuwekwa kwenye chupa nyingine. Homoni ya pili huotesha mizizi. Kiini kimoja huweza kutoa mamia ya miche. Sisi tunaosoma falsafa tunamkumbuka Aristotle, aliyeona zamani kwamba mmea ukikatwa, vipande vyake huendelea kuishi.

Baada ya Misa tumeulizwa na waamini: je, hii si GMO? Siyo. Vinasaba havikuguswa kwa makusudi. Ni mgomba uleule. Lakini mgomba uleule una udhaifu uleule. Mche wa chupa ni msafi, si sugu. Ukiupanda kwenye udongo wenye Panama, aina isiyostahimili itanyauka tu. Huko Amerika ya Kati, mashamba makubwa ya Gros Michel, yote ya uzao mmoja, yaliangamizwa na ugonjwa huohuo katika karne iliyopita. Tena virusi haviondoki kwa kuosha kiini: mama akiwa navyo, wanawe karibu wote watakuwa navyo.

Kwa hiyo muuzaji aulizwe kwanza kama mgomba mama ulipimwa, na ni wa aina gani. Pia miche ilikaa kivulini muda gani, maana ikitolewa chupani ni laini kama mtoto mchanga na jua la siku moja huiua. Na wazee wenye aina za zamani nyuma ya nyumba, tunawaomba wasizing'oe zote kupisha miche mipya.