Nahodha wa kukodi: cheti kwanza, usukani baadaye

Anayeteremka kutoka Tukuyu hadi Kyela hukuta bandari za Itungi na Kiwira, lango la Ziwa Nyasa. Mwenye boti anayetaka ipelekwe Mbamba Bay hukodi nahodha. Kwa kuwa haina abiria, huenda akadhani yeyote ajuaye kushika usukani anatosha.

La hasha! Ziwa hili lina urefu unaozidi kilometa 500, na upepo wa kusi huinua mawimbi makubwa. Cheti cha nahodha huonyesha ukubwa wa chombo anachoruhusiwa kuongoza na maji ya kukiongozea. Aliyezoea mtumbwi wa injini si nahodha wa meli.

Tukumbuke kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Watu zaidi ya 220 walikufa. Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba usukani alikuwa nao mtu asiye na mafunzo.

Basi, mwenye chombo na adai cheti, akihakikishe kwa TASAC, kisha ampe nahodha nafasi ya kukijaribu chombo karibu na bandari. Boti tupu nayo hubeba roho za mabaharia.