Mzio: Dawa ya Moto ni Moto

Lugha hutufunza namna ya kuyakabili maradhi kabla hata hatujamwona daktari. Tulitazame neno mzio, ambalo siku hizi twalitumia kwa lile ambalo wengine huliita aleji. Asili yake si hospitali. Wazee walipotaja mzio walikusudia chakula au kitu ambacho mtu amekatazwa, ama na mganga wake, ama na mila za ukoo wake, kwa kuwa kikimgusa kitamdhuru. Jamaa za neno hili zimetapakaa katika lugha za Kibantu. Baganda huita omuziro mnyama au kitu ambacho ukoo hukiepuka, na Wazulu husema ukuzila wanapokusudia kujinyima au kufunga. Shina ni moja na shauri ni moja: kinachokudhuru, kaa nacho mbali.

Shauri hilo ni jema, na kwa mtu avimbaye midomo kila alapo kamba au korosho, ndilo la kufuatwa kwanza. Hata hivyo lina mpaka wake, na mpaka huo unaonekana dhahiri katika Kaunti ya Kwale. Kuanzia Diani hadi Vanga, hewa ya bahari huwa na unyevu karibu mwaka mzima, iwe ni majira ya kaskazi au ya kusi. Unyevu huo ni neema kwa utitiri wa vumbi, kidudu ambacho urefu wake hufika kiasi cha theluthi moja ya milimita tu. Hukaa katika magodoro, mito ya sufi, mazulia na viti vya vitambaa, kikila magamba madogo ya ngozi yanayotupukutika. Kidudu hiki hakiumi. Kinachomdhuru mtu ni kinyesi chake na mabaki yake yaliyokauka, ambayo huvutwa ndani pamoja na pumzi. Je, mtu wa Msambweni aepuke nini? Aache kulala? Aache kuvuta hewa? Desturi ya mama zetu ya kuanika magodoro juani husaidia, na kufua shuka kwa maji ya moto husaidia pia, lakini hakuna ufagio uwezao kuumaliza utitiri katika nyumba ya pwani.

Matokeo yake tunayaona, ila tumeyazoea kiasi cha kutoyaita ugonjwa. Mtoto apigaye chafya kila alfajiri huambiwa ana mafua. Mafua hayo hayaishi. Hulala kinywa wazi, huamka amechoka, husinzia darasani, na mwalimu humdhania mvivu. Miongoni mwa watoto wa namna hii wamo ambao baadaye hushikwa na pumu. Wazazi hukimbilia duka la dawa, liwe la Ukunda au la Kinango, wakanunua vidonge vya klorofeniramini, ambavyo wengi huvijua kwa jina la Piriton. Vidonge hivyo hukausha mafua na kuleta usingizi, na mwezi ukiisha hununuliwa vingine. Dawa hizi zina kazi yake, nami siwaasi watu wazitumie. Lakini zikiachwa, ugonjwa hurudi pale pale ulipokuwa. Ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Neno aleji nalo lina historia yake, na yafaa tuijue. Lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto mjini Vienna, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: allos, yaani nyingine, na ergon, yaani kazi. Alichokusudia ni mwili uliobadili namna yake ya kuitikia kitu baada ya kukutana nacho. Tazama tofauti iliyopo. Mzio humtazama adui na kusema aepukwe. Aleji, kwa maana aliyoikusudia mbunifu wake, huutazama mwili na kusema umebadilika. Basi ikiwa mwili uliweza kubadilika ukawa mkali kupita kiasi, swali linalofuata ni hili: hauwezi kubadilishwa tena, urudi katika utulivu?

Jibu ni kwamba, kwa baadhi ya mizio, unaweza. Ili tuelewe kwa nini, hatuna budi kujua kinachotendeka ndani. Mwili una askari wa aina nyingi ambao wataalamu huwaita kingamwili. Mmojawapo ni IgE, aliyetambuliwa na watafiti wa Kijapani na wa Kiswidi katika miaka ya 1960. Wanasayansi wengi huamini kwamba kazi yake ya asili ilikuwa kupambana na minyoo na wadudu wengine wa namna hiyo, na wakazi wa Kwale, wanaokijua kichocho tangu jadi, hawahitaji kuelezwa adui huyo ni nani. Mwenye mzio, askari huyu amekosea shabaha. Hukiona kinyesi cha utitiri, au chavua ya nyasi, au sumu ya nyuki, akakidhania kuwa ni vamizi kubwa. Hupiga mbiu, nazo seli fulani hupasua maghala yake na kumwaga histamini. Hapo ndipo pua hutiririka, macho huwasha, ngozi huvimba, na kifua hubana. Vidonge tununuavyo dukani huzuia histamini iliyokwisha kumwagwa isilete madhara. Havimfundishi askari lolote.

Wa kwanza kueleza kitabibu namna ya kumfundisha askari huyo alikuwa Leonard Noon wa Hospitali ya St Mary's, London. Mwaka 1911 alichapisha katika jarida la The Lancet taarifa ya wagonjwa wa mafua ya chavua aliowadunga chini ya ngozi maji yaliyotolewa katika chavua ile ile ya nyasi iliyowaumiza. Alianza na kipimo kidogo mno, akakiongeza hatua kwa hatua. Nadharia yake haikuwa sahihi, kwani alidhani chavua ina sumu ambayo mwili hutengeneza dawa yake. Tiba yenyewe, hata hivyo, ilifaa. Noon alifariki mwaka 1913, na mwenzake John Freeman akaiendeleza kazi hiyo. Wahenga wetu wangalimwelewa bila taabu, maana ni wao waliosema kwamba dawa ya moto ni moto.

Tiba hiyo sasa huitwa imunotherapia ya mzio, na utaratibu wake haujaachana sana na ule wa Noon. Kwanza hutambuliwa kwa hakika kitu kinachomdhuru mgonjwa, ama kwa kipimo cha damu, ama kwa kipimo cha ngozi ambacho hutoa jibu kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Kisha huanza sindano za kila wiki, kipimo kikipanda kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Kipimo cha juu kikifikiwa, sindano huwa ya kila mwezi, na safari yote huchukua miaka 3 hadi 5. Kwa utitiri na kwa baadhi ya chavua, zipo pia tembe za kuweka chini ya ulimi kila siku. Tembe za utitiri zilianza kuidhinishwa Ulaya mwaka 2015 na Marekani mwaka 2017. Kadiri muda upitavyo, mwili hutengeneza kingamwili nyingine, IgG4, ambazo hukidaka kichocheo kabla IgE hajakiona, na seli za kutuliza vita huongezeka.

Faida iliyo kubwa ni kwamba nafuu hii hudumu. Mwaka 1999 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa watu waliotibiwa mzio wa chavua ya nyasi kwa miaka 3 hadi 4. Walioachishwa sindano waliendelea kuwa na nafuu kwa miaka mingine 3, sawa na wenzao waliokuwa wakiendelea kudungwa. Uchunguzi mwingine wa watoto wa Ulaya wenye mzio wa chavua, ambao matokeo yake ya miaka 10 yalichapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba waliotibiwa hivyo hawakushikwa na pumu kwa wingi kama wasiotibiwa. Hakuna kidonge cha histamini kiwezacho kujisifu hivyo.

Wapo watu ambao kwao jambo hili si la nafuu ya pua bali la uhai. Mfikirie mgema aliye juu ya mnazi, au mfuga nyuki kandokando ya Shimba Hills, ambaye aliwahi kudungwa na nyuki mmoja akaanguka, pumzi ikampaa na shinikizo la damu likashuka. Mtu huyu akidungwa tena anaweza kufa kabla hajafikishwa hospitali. Kumwambia aepuke nyuki ni kumwambia aache kazi inayowalisha wanawe. Na ni mzio huu hasa ambao tiba ya kuuzoeza mwili huufaa kuliko mingine yote. Wengi mno miongoni mwa waliotibiwa kwa sumu ya nyuki au ya nyigu, wakidungwa tena hawapatwi na msukosuko huo.

Naomba nisieleweke vibaya. Moto ni dawa ya moto mikononi mwa anayejua kuushika. Asitokee mtu akamlisha mwanawe korosho kidogo kidogo jikoni, au akajidunga nyuki kwa makusudi, akidai ameyasoma gazetini. Mwaka 1986 Kamati ya Usalama wa Dawa nchini Uingereza iliiwekea tiba hii masharti makali baada ya vifo 26 kuripotiwa tangu mwaka 1957. Ndiyo sababu mgonjwa hutakiwa kukaa kituoni dakika 30 baada ya kila sindano, na adrenalini huwa tayari mezani. Mwenye pumu isiyodhibitiwa haanzishiwi, na aliye na pampu ya pumu asiitupe. Vilevile tiba hii haifai kila mzio. Haitumiki hivi kwa mzio wa dawa, na kwa vyakula bado ni changa: unga wa njugu karanga ulioidhinishwa Marekani mwaka 2020 huwakinga watoto dhidi ya ajali, lakini sharti waendelee kuula kila siku.

Baada ya kusema hayo, tuulize: mkazi wa Vanga au Lunga Lunga ataipata wapi? Tiba hii haijawa ya kawaida katika hospitali zetu za umma, na madaktari waliobobea katika mzio ni wachache nchini, wengi wao wakiwa mijini. Hebu tupige hesabu kana kwamba sindano hizo zapatikana Mombasa. Miezi 4 ya kila wiki ni safari zipatazo 16, na miezi 32 inayobaki ili kutimiza miaka 3 ni safari nyingine 32. Ni karibu mara 50 mzazi aache shamba au biashara, apande matatu hadi Likoni, avuke feri, angoje foleni, kisha arudi na mtoto usiku. Wangapi watafika mwisho? Na anayeacha njiani hupoteza sehemu kubwa ya faida, maana hii ni tiba ya haba na haba.

Kwa hivyo tatizo si la sayansi. Ni la mpango. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013, na Kwale ina hospitali ya rufaa pale Msambweni. Kipimo cha ngozi hakihitaji mitambo mikubwa. Kinahitaji vichocheo vilivyotayarishwa vyema, muuguzi aliyefunzwa, na adrenalini karibu. Kituo kimoja cha namna hiyo, kikifunguliwa hata siku moja kwa wiki, kingetenganisha mafua ya kweli na mzio. Aliyeanzishwa tiba na daktari bingwa angeendelea kudungwa hapo, na mwenye kufaa tembe angemeza ya kwanza mbele ya daktari, kisha akaendelea nyumbani kwake. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nayo ipime gharama ya miaka 3 ya tiba dhidi ya gharama ya miaka 30 ya vidonge, pampu, na vitanda vya wagonjwa wa pumu. Na hata kabla ya hayo yote, kila zahanati ya kaunti iwe na adrenalini, pamoja na mtu ajuaye kuitumia pasipo kusitasita.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu, na lililonihusu ni neno. Sipendekezi tuliache neno mzio, maana ni letu na lina busara yake. Ninachosema ni kwamba tusiliache litufunge. Mzazi ambaye mwanawe amepiga chafya miaka mitatu mfululizo asiridhike kuambiwa amwepushe na vumbi. Aulize ni kitu gani hasa kinachomdhuru, na kama upo uwezekano wa kumzoeza nacho. Wazazi wengi wakiuliza hivyo Msambweni na Kinango, wenye kupanga bajeti watalazimika kutafuta jibu.