Sura ya Sita: Gemu Inayosamehe

Wazazi wa watoto wenye ADHD au usonji huniletea mambo matatu yaleyale: gemu ndiyo iliyomharibu mtoto, mtoto akibanwa vizuri atatulia, na gemu inayomsamehe mchezaji inamdekeza. Nilipanga kuyajibu kwa zamu, kila moja kwa nafasi yake.

Lakini la kwanza na la pili ni mafupi. ADHD na usonji huanza ubongo unapokua, na kwa sehemu kubwa hurithiwa. Havitoki kwenye skrini. Fimbo nayo haifanyi kazi. Mimi mwenyewe ninaishi na ADHD.

La tatu ndilo linaloniuma, na siwezi kulieleza bila Celeste.

Celeste ni gemu iliyotoka 2018. Msichana aitwaye Madeline anapanda mlima, nawe unamrusha kutoka jabali hadi jabali juu ya miiba. Ni ngumu mno. Lakini mwaka 2020 Maddy Thorson, mmoja wa waundaji wake, alieleza hadharani huruma zilizofichwa ndani yake. Madeline akishapita ukingo na kuwa hewani, gemu bado inakubali kitufe cha kuruka kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Ukibonyeza kabla hajatua, gemu inakumbuka na kumrusha anapogusa chini. Kichwa kikigonga pembe ya jabali, inamsogeza pembeni kidogo ili apite. Akifa, anarudi papo hapo mwanzoni mwa skrini ileile, na hakuna idadi ya maisha inayopungua.

Watu hudhani mwenye ADHD ni mzito tu wa kubonyeza. Jambo lililoonekana katika tafiti nyingi ni kuyumba: mara hii anawahi, mara hii anachelewa, ingawa anajua vizuri cha kufanya. Mimi huruka sawasawa, kisha pengo lilelile linanishinda bila sababu. Gemu isiyo na huruma huniadhibu kwa kuyumba huko, kitu ambacho mazoezi hayakiondoi chote. Ile sehemu ya kumi ya sekunde inakimeza, kisha inanipima kwa ninachoweza kujifunza: njia, mpangilio, uamuzi.

Kurudi papo hapo ni muhimu vilevile. Kusubiri ndiko kunakotuchosha kuliko kushindwa. Kuhesabu maisha kulishika mizizi kwenye mashine za sarafu, ambako kufa kwako kulikuwa mapato ya mwenye mashine. Nyumbani hakuna sarafu, lakini adhabu imebaki.

Celeste ina pia hali ya msaada: unaweza kupunguza kasi hadi nusu, kupanda bila kuchoka, hata kutokufa. Kuna wachezaji wanaoita hiyo udanganyifu. Wakae karibu na kijana ambaye vidole vyake haviendi sambamba na macho yake, amepunguza kasi kidogo, na bado anakufa kwenye skrini ileile mara kwa mara huku akitafuta njia. Hakuna ngazi ya mlima anayoruka. Anazipanda zote, kwa kasi ambayo mikono yake inaiweza.