Jibini Bora Duniani: Ubishi wa Kilo, Bei na Harufu

Mwezi Novemba 2025, mjini Bern, Uswisi, jibini 5,244 kutoka nchi 46 zilipangwa juu ya meza, zote zimevuliwa karatasi na nembo zake, ili ipatikane moja ya kuitwa bora duniani. Jioni taji lilikwenda kwa Gruyère iliyoiva kwa zaidi ya miezi 18, kutoka Vorderfultigen, kijiji cha jimbo hilohilo la Bern. Anayetaka kununa anaweza kusema mwenyeji kajitunuku. Mimi sisemi hivyo, na sababu ninayo.

Mwaka 2022 mashindano hayohayo, yanayoitwa World Cheese Awards, yalipangwa kufanyika Kyiv. Vita vikayahamishia Newport, Wales. Huko ugenini, mbele ya majaji wengine na jibini zaidi ya 4,400, iliyoshinda ilikuwa Gruyère ya Vorderfultigen. Kabla ya hapo Gruyère ilikwisha kulitwaa taji hilo 1992, 2002, 2005 na 2015. Ukivuka bahari hadi Wisconsin, Marekani, kuna mashindano mengine yaliyoanza 1957. Huko Mswisi mmoja, Michael Spycher, alishinda na Gruyère yake 2008, akarudi kushinda 2020 na 2022, na 2024 akaja na jibini nyingine aina ya Hornbacher akashinda tena. Mabara mawili, majaji tofauti, miaka zaidi ya thelathini. Bahati haina kumbukumbu ndefu namna hiyo.

Ni kweli kwamba ulimi wa jaji si mizani. Majaji hukaa kwa vikundi vidogo, kila kikundi na meza yake. Jaji huchomeka kijichuma chenye mfereji ndani ya duara la jibini, akakizungusha, akachomoa kipande chembamba kama kidole. Kwanza hukinusa kabla hakijapata joto la mkono. Kisha huvunja ncha yake kuona kama inakatika au inavutika, husugua punje kati ya kidole gumba na cha shahada, na ndipo hutia mdomoni. Baada ya jibini ya arobaini, chumvi yote hufanana. Kwa hiyo mshindi wa mwaka mmoja hanishawishi sana. Mwaka 2019 kule Bergamo, Italia, Rogue River Blue ya Oregon iliwapiku Waitaliano nyumbani kwao na kuwa jibini ya kwanza ya Marekani kushinda. Mwaka 2023 ilikuwa ya bluu kutoka Norway, Nidelven Blå. Mwaka 2024 ikawa jibini laini ya maziwa ya kondoo kutoka Ureno. Zote nzuri bila shaka, lakini ninayemwamini ni yule anayerudi.

Na Gruyère hairudi hivihivi. Duara moja la kilo 35 hula lita 400 za maziwa. Ng'ombe hulishwa majani na nyasi kavu. Malisho yaliyovundikwa ni marufuku, kwa sababu huleta vijidudu vinavyoweza kuipasua jibini kwa gesi miezi kadhaa baadaye. Maziwa hayachemshwi kuua bakteria wake, ila hupashwa moto tu ndani ya sufuria kubwa za shaba. Baadaye duara hukaa ghalani miezi isiyopungua mitano, linageuzwa na kupakwa maji ya chumvi tena na tena. Kila sharti hapo ni la mtu aliyekataa njia ya mkato.

Rekodi nyingine ambazo watu huzitaja katika ubishi huu hazipimi ubora hata kidogo. Chukua uzito. Septemba 1995, huko Granby, Quebec, kampuni ya Agropur ilitengeneza cheddar ya kilo 26,090, uzito wa ndovu dume wanne. Wakanada wana historia na jambo hili: 1893 walipeleka Chicago jibini ya tani kumi hivi, na sakafu ya banda la maonyesho ikavunjika chini yake. Sherehe nzuri, ila jibini ya ukubwa huo haiivi sawasawa ndani na nje.

Bei nayo hudanganya, ingawa si mara zote. Kila mwaka katika mji wa Arenas de Cabrales, kaskazini mwa Hispania, duara lililoshinda mashindano ya jibini ya bluu ya Cabrales hupigwa mnada. Mwaka 2024 moja la kilo mbili na ushei, lililoivia katika pango la milima ya Picos de Europa, lilinunuliwa kwa euro 36,000. Mwenye mkahawa anayelipa kiasi hicho ananunua pia habari ya gazetini. Jibini ya Pule ya Serbia ni jambo jingine. Hutengenezwa katika hifadhi ya Zasavica kwa maziwa ya punda yaliyochanganywa na ya mbuzi, na kilo yake hufika karibu euro 1,000. Punda hukamuliwa kwa mkono, hutoa maziwa kidogo mno, na maziwa yenyewe yana upungufu wa protini inayogandisha, hivyo kilo moja huhitaji lita 25 hivi. Gruyère hutumia kama lita 11. Hapo bei ina maelezo, nami naiheshimu.

Kwa hatari, taji ni la casu martzu ya Sardinia, ambamo mabuu hai wa nzi huachwa wailainishe jibini. Sheria ya Italia inakataza kuiuza. Kwa umri, jibini iliyopakwa shingoni mwa maiti zilizokaushwa na jangwa la Taklamakan, magharibi mwa China, ina miaka kati ya 3,300 na 3,600, na utafiti wa vinasaba uliotolewa 2024 ulionyesha kuwa ilikuwa ya kefir.

Harufu ndiyo inayonivuta zaidi, maana inafika mpaka kwetu. Jibini ya Limburger inanuka kama miguu iliyoshinda ndani ya viatu, kwa kuwa bakteria wanaoivisha ngozi yake ni ndugu wa karibu wa wale wanaoishi katikati ya vidole vyetu. Mwaka 1996 Bart Knols na Ruurd de Jong waliandika kwamba Anopheles gambiae, mbu wa malaria anayependa kuuma miguuni na kwenye vifundo, huvutwa na Limburger pia. Knols alifanya kazi Ifakara, Tanzania, katika bonde la Kilombero, mahali ambapo malaria si somo la darasani. Mwaka 2006 wawili hao walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Katika miaka iliyofuata, harufu za kutengenezwa zinazoiga za mwili wa mtu zilitiwa kwenye mitego ya mbu hukohuko Ifakara. Kati ya mataji yote ya jibini, hili ndilo lililo karibu zaidi na kuokoa maisha ya mtu.

Ningeongeza taji la ugumu wa kutengeneza, nimpe Nancy Abeiderrahmane wa Nouakchott, Mauritania. Maziwa ya ngamia hayakubali kuganda kwa dawa ileile inayogandisha ya ng'ombe. Kiwanda chake, Tiviski, kilipata njia na kutoa jibini ya ngamia yenye ngozi nyeupe, lakini masharti ya Ulaya yakaizuia kuingia soko lililokusudiwa. Wafugaji wa Garissa, Wajir na Marsabit, nchini Kenya, wana ngamia wengi. Njia imeshafunguliwa, na nashangaa kwamba hatuifuati kwa kasi.

Sasa nitaje ya pili katika orodha yangu, baada ya Gruyère: jibini ya Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ambayo wengi huiita ya Goma. Ufundi wake uliletwa na mapadri Wabelgiji, na wafugaji wa milima ile wakaufanya wao. Maziwa hufika kwa miguu, hugandishwa mabichi kwa joto la kuni, mgando hukandamizwa katika vyombo vya mviringo, ukalowekwa kwenye maji ya chumvi, ukaanikwa juu ya mbao. Ina ladha ya upole, chumvi ya kiasi na uchachu unaokuja mwishoni. Vita vimechinja na kupora mifugo yake zaidi ya mara moja, na Januari 2025 mapigano yaliifikia Masisi yenyewe na kisha Goma. Bado inatengenezwa.

Siiweki hapo kwa huruma. Nyasi za milima mirefu, maziwa mabichi na mkono wenye subira inavyo, sawasawa na Vorderfultigen. Kinachokosekana ni muda, kwani nyingi huuzwa changa: mfugaji anahitaji fedha wiki hii, na hakuna anayethubutu kuacha mali ghalani mwaka mzima mahali ambapo kesho haijulikani. Barabara ya kwenda Goma ikitulia, na duara moja la Masisi likipata miezi 12 ya giza na ubaridi, ningependa liwekwe juu ya meza za Bern bila nembo yoyote.