Fumbo: neno lililofungwa

Juma hili tunaangalia neno moja ambalo sisi wote tunalitumia: fumbo. Linatoka katika kufumba. Tunafumba macho, tunafumba mdomo, na maneno pia tunayafumba. Kuyafungua ni kufumbua.

Kuna fumbo la kurudi mtu kwa heshima. Mama mkwe akikuta chakula kimeungua, na wageni wamekaa, anasema: "Leo moto ulikuwa na haraka." Mkazamwana anaelewa, na hakuaibishwa.

Kuna pia fumbo la kuchoma. Wenzetu wa pwani wanaliita kijembe. Katika mkutano wa MUSO mmoja anasema: "Wengine siku hizi wanakula nyama kila siku, sijui feza zinatoka wapi!" Jina halikutajwa. Mtunza feza akiuliza, anajibiwa: "Mimi nilikutaja?" Hila yake ni hiyo: mwenye kusemwa hana pa kujibia.

Hapa Mabalako tunajua bei ya fumbo kama hilo. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola, iliyoonekana Mangina. Maneno yakazunguka mpaka Beni na Butembo: "Ugonjwa huu una wenyewe." "Kuna watu wanakula juu yake." Wenyewe ni nani? Hakuna aliyesema. Uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo, fumbo likapata nguvu. Kuna wagonjwa waliofichwa nyumbani, na waliopona wakasemwa pembeni. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Hofu ilikuwa na sababu, maana watu walikuwa wanauawa hata kabla ya Ebola. Lakini swali la wazi linaweza kupata jibu. Fumbo halipati jibu, linapita tu toka mdomo mpaka mdomo.

Basi tufanye nini? Tukisikia fumbo, tulifumbue kwa upole: "Mama, unasema juu ya nani? Wewe mwenyewe uliona nini?" Kama ni feza za kikundi, daftari ifunguliwe mbele ya wote. Kama jambo lipo, litatengenezwa. Kama halipo, litakufa pale pale. Watoto wetu wanasikiliza. Wazoee kuuliza hivyo wangali wadogo.

Wazee walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Kabla ya kulipeleka kwa jirani, tulifungue kwanza tuone kama ndani mna kitu.